Shikamoo ya Mzunguko wa Mwisho

Wapo mpaka leo wanaosema rekodi yangu ya maili niliipata kwa hila. Watu wa maneno hawaishi. Mimi nasema niliipata kwa adabu, na anayebisha na abishe.

Mama alikuwa akikaanga vitumbua karibu na soko la Kariakoo, na alinilea peke yake, maana baba alichukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi. Nilipomwambia nataka kukimbia nivunje rekodi ya Afrika Mashariki, alinitazama kama mtu aliyepagawa. Neno "rekodi" hakulitaka mdomoni. Alisema "hicho kidude chenu". Lakini hakunikataza. Alinipa sharti moja tu: "Kimbia utakavyo, ila nisisikie umempita mtu mzima bila kumwamkia. Siku nitakayosikia, mbio basi." Na mama yangu akisema basi, ni basi.

Sasa jaribu wewe. Alfajiri Kariakoo nzima iko njiani: wazee wanatoka msikitini, mahamali wanasukuma mikokoteni, Mshihiri, yule Mwarabu muuza kahawa, anapepea makaa mlangoni kwake, Mhindi wa duka la nguo anafagia baraza. Wote wakubwa wangu. Nikawa nakimbia huku nasema shikamoo, shikamoo, shikamoo, tangu nyumbani mpaka bondeni Jangwani, na si kwa kunong'ona, maana wengine walikuwa wazito wa masikio. Mwanzoni nilifika Jangwani natweta, mbavu zinachoma, nimekasirika. Mshihiri akanitania, "Bwana mbio, leo shikamoo yako imefika nusu. Nusu nyingine utaniletea kesho?"

Nikaapa nitamletea nzima. Masika yakapita, na nikaendelea, hata ikawa nakimbia mbio kali na sauti inatoka imetulia kama ya mtu aliyekaa kwenye jamvi. Pumzi yangu nilipewa na wazee wa Kariakoo, si na mwalimu yeyote.

Mashindano ya nchi tatu, Kenya, Uganda na sisi Tanganyika, yakaletwa kwetu, viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwenye rekodi ya maili alikuwa bingwa kutoka Mombasa, mtu mzima, mvi zimeanza kando ya masikio. Tangu bastola ilipolia alikaa mbele. Nilikwisha kuamua kwamba simwachi. Wengine wakabaki nyuma, mimi nikawa natazama kisigino chake tu. Mzunguko wa mwisho, kwenye kona, nikamwona bega limelegea. Nikachomoka, nikawa sambamba naye, na kabla sijajua nasema nini mdomo ukasema wenyewe: "Shikamoo!"

Naye ni mtu wa pwani, kalelewa kama mimi. Shikamoo haiachwi ikaning'inia. "Marahaba," akasema, na neno hilo likamtoka na pumzi yake yote. Hatua ikamkatika. Nikaenda zangu.

Nilikata utepe, na saa ya msimamizi ikasema rekodi imevunjika. Hata sijafurahi, viongozi wa timu yake walikwisha kumzunguka msimamizi, Mzungu: nimemsemesha mtu mbioni, nimemvuruga makusudi, rekodi ifutwe. Mzungu akatutazama haelewi. Roho iliniuma sana, nikawa tayari hata kupigana. Mwishowe akaagiza bingwa mwenyewe aulizwe, nikajua neno lake ndilo litakalokata shauri.

Bingwa alikuwa bado ameinama, mikono magotini.

"Nimeamkiwa, nikaitikia," alisema. "Alikwisha kufika begani kwangu. Angepita tu, hata angekuwa bubu." Kisha akanigeukia. "Lakini mwanangu, siku nyingine niamkie tukishafika."

Rekodi ikaandikwa. Mama alikuwa ukingoni mwa uwanja na ungo wake wa vitumbua, zogo lote lile hakulielewa. Nilimkimbilia nikamwambia nimeshinda, nimevunja. Yeye akauliza:

"Yule mtu mzima uliyempita, ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Akaitikia?"

"Aliitikia, mama."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Basi hiyo rekodi ni yako."