Kahawa Isiyotiwa Sukari

Juzi mjukuu wangu alinitengenezea kahawa kwa maji ya birika lake la umeme, akasahau sukari. Nilipoionja tu, nikarudi kimawazo uani kwetu, kijijini Ole.

Alasiri moja nikiwa mtoto, jirani yetu, Bi Asha, alikuja kutukaangia buni. Punje zilipasukapasuka kwenye chungu, moshi wake ukapanda taratibu hadi kwenye mikarafuu. Alizitwanga, kisha akazichemsha katika dele kubwa la shaba. Kahawa yetu ya kila siku mama aliitia tangawizi na sukari. Bi Asha hakutia kitu.

"Mbona hutii sukari, Bi Asha?"

"Leo hainywewi tamu, mwanangu."

Nikadhani sukari anawekewa baba, aliyekuwa amelazwa hospitali Wete. Barazani wanaume walizidi kuja, wakainywa. Nikasema moyoni, kumbe harufu ya kahawa huwaita watu hata wasioalikwa.

Sasa najua kahawa chungu ile ilikuwa ya matanga. Siku ile sikujua. Nilichukua kipepeo cha ukili, nikachutama kando ya moto, nikawa naupepea moshi uelekee njia ya Wete, baba naye aisikie harufu.