Bolti ya Nne Chini ya Boila

Siku yangu ya kwanza kazini, Iringa, Fundi Mkuu alinikabidhi pampu ya baiskeli. Nikadhani ananitania.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu Kihehe. "Leo utapuliza matundu."

Mtambo hufungwa kwenye zege kwa bolti ya kutanuka: ukikaza nati, mkia wake hufumuka ndani ya tundu na kung'ata. Tundu likibaki na vumbi, hauling'ati vizuri. Nilipuliza wiki nzima, macho mekundu, naye akinirudia: "Ardhi ya huku ikitikisika, kinachoushika mtambo ni kazi yako."

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, sasa nami fundi, kufunga boila kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja. Bolti tatu ziliingia vizuri. Kwa ya nne, drili iligonga nondo katikati ya kina. Dawa yake niliijua: kutoboa tundu jingine pembeni na kuchonga upya kitako cha chuma. Injinia akatazama saa.

"Mzee, kesho mgeni anakata utepe. Tunamaliza?"

"Tunamaliza," nikasema.

Nikaikata bolti kwa msumeno, nikaigongelea, nikakaza nati. Kwa juu zote nne zilikuwa sawasawa. Mama Neema, mfuaji wa pale, aliniletea chai, akanisalimu Kinyakyusa.

"Ugonile, fundi! Hilo dude halitaniangukia?"

"Labda ulisukume mwenyewe, mama." Tukacheka wote.

Tetemeko lilikuja miaka kadhaa baadaye, asubuhi. Halikuwa kubwa, vikombe vya jikoni havikuvunjika. Ile bolti fupi iling'oka, mzigo ukazielemea zile tatu, nazo zikakatika. Boila likaanguka na maji yake ya moto. Mama Neema alikuwa anakunja mashuka. Aliishi siku mbili.

Nilipoitwa kukagua, niliiokota ile bolti, nikaitia mfukoni. Ripoti ikasema ni nguvu ya tetemeko.

Msibani mumewe alinipokea kwa mikono miwili. "Kazi ya Mungu haina makosa, fundi."

"Amina," nikajibu.

Nimestaafu. Vijana huja kuniuliza mambo ya bolti, nami huwajibu yote isipokuwa hili, na linaniumiza kila siku. Mume wa Mama Neema bado yu hai. Tukikutana sokoni Mbalizi huniita ndugu yake. Mungu hakuikata ile bolti. Niliikata mimi. Karatasi hii nitampelekea yeye kwanza, kabla yenu. Nitamkabidhi pamoja na ile bolti.