Ujumbe wa Mama kwa Kitinda Mimba

Mtaani walimwita Dada Picha, kwa kuwa alikuwa akipiga picha za pasipoti na vitambulisho katika studio ndogo iliyopakana na duka la viatu. Kazi yake kubwa, alipenda kusema, ilikuwa kuwaambia watu wasicheke. Aliifanya kwa miaka kumi na sita. Nyumbani alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuiomba: alikuwa mdomo wa mama yake.

Mama yake alikuwa kiziwi tangu utotoni, na fundi cherehani wa kuheshimika. Aliongea kwa mikono, tena aliongea sana. Midomo ya watu aliisoma vizuri kuliko walivyodhani. Mteja aliyemsengenya mbele yake akijua hasikii, nguo yake ilimkaa vizuri kila mahali isipokuwa kwapani. Akija kulalamika, mama alimtazama kwa upole kama mtu asiyesikia.

Watoto walikuwa watatu. Dada Picha, kifungua mimba, na mdogo wake wa kike aliyekuja kuolewa mbali, waliota lugha ya mikono kama walivyoota meno. Kitinda mimba hakubahatika. Baba alipofariki, mtoto huyo alikuwa na miaka mitano na alikuwa bado hajaanza kutamka maneno sawasawa. Ndugu wa baba wakakaa kikao, wakasema atakuwa bubu kwa kulelewa na kiziwi. Shangazi mtu akamchukua, akaenda kumlea mji mwingine. Huko alijifunza kusema, na mikono akaisahau. Likizo zikifika, yeye na mama yake walikaa sebuleni kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya hospitali, mpaka dada arudi kutoka kazini awatafsirie. Alikua akiamini kwamba mama alimtoa kwa hiari yake. Hakumuuliza hata siku moja, maana swali lenyewe lingebidi lipitie kwa dada.

Kisha figo za mama zikaanza kushindwa. Alipojua kwamba siku zake zinahesabika, alimwomba Dada Picha aazime kamera nzuri ya studio. Alitaka kumwachia kila mtoto maneno yake. Alisisitiza jambo moja: picha iwe safi, vidole vyote vionekane, kwa sababu kwa mtu anayeongea kwa mikono, kidole kikipotea neno limepotea.

Walirekodi asubuhi tatu mfululizo, mwanga ukiwa unaingia vizuri dirishani. Ya kwanza ilikuwa ya Dada Picha mwenyewe, ya pili ya mdogo wake wa kike. Siku ya tatu mama alivaa blauzi nyeusi ili mikono ionekane zaidi, akamwambia binti yake awashe kamera kisha atoke nje na kufunga mlango.

"Hii ni ya kwake peke yake," alimwambia kwa mikono. "Asitazame mpaka ajifunze. Sitaki mkalimani."

Dada Picha akatoka. Alikaa kibarazani akimenya viazi, na alipoitwa kuzima kamera alikuta mama amelowa jasho kama aliyebeba mzigo. Baada ya wiki tano walimzika.

Mafaili yale yalikuwa makubwa sana. Dada Picha aliyahamishia kwenye diski ya nje, akaizungushia kitambaa cha fulana, akaiweka kabatini katikati ya mashuka. Mwenye studio, mzee aliyekwisha kuona albamu za watu zikiliwa na mchwa na mikanda ya harusi ikiota ukungu, alimwonya kwamba kitu chenye nakala moja ni kama hakipo. Weka nakala tatu, alimwambia, na moja ilale nyumba nyingine. Dada Picha alikubali. Alinuia kuzitengeneza mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ukawa mwisho wa mwezi, na studio ikapata kandarasi ya vitambulisho vya shule. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo huwa halisemi siku ya kwanza.

Alichofanya ni kumtumia kila mmoja ujumbe wake kwa simu. Alijua kwamba simu hupunguza ubora wa video ili ipite. Haikumsumbua, kwa sababu yenyewe, ile safi, ilikuwa kabatini.

Kitinda mimba alikuwa sasa mwanaume wa miaka thelathini, fundi wa majokofu, mwenye mke na binti mdogo. Aliipokea ile video na hakuifungua. Alimtafuta rafiki wa mama yake, mwanamke kiziwi aliyekuwa akitarizi mashuka, ambaye wote walimwita Mama Tarizi, akamwomba amfundishe. Kila Jumapili, kwa mwaka mmoja na nusu, alipanda basi akaenda kufundishwa mikono na mtu asiyevumilia uvivu. Mwanzoni alikuwa akisema "kula" akimaanisha "mama", na Mama Tarizi alicheka mpaka akafuta machozi. Alijifunza. Hata mkewe alimwona akiongea kwa mikono usingizini.

Siku aliyojiona yuko tayari, aliifungua video kwenye simu. Uso wa mama ulionekana. Mikono ilipoanza kwenda, ikawa moshi: vidole viliungana, vikakatika vipande, vikafutika. Alidhani kosa ni lake, kwamba hajajifunza vya kutosha. Akampigia dada yake, akamwomba ile yenyewe.

Dada Picha aliitoa diski kabatini. Mwezi uliotangulia walikuwa wamepaka rangi chumba, na kabati lilipovutwa, mashuka yalianguka sakafuni pamoja nayo. Aliiokota, akaiona haina hata mkwaruzo, akairudisha. Sasa alipoichomeka kwenye kompyuta ilitoa mlio wa tik, tik, kama saa mbovu, kisha kimya. Alichomoa, akachomeka tena. Mlio ukawa ule ule.

Fundi wa kompyuta aliifungua, akamwonyesha kwamba sahani ya ndani imechubuka. Wa pili, wa mji mwingine, alimwambia hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Kadi ya kamera nayo ilikuwa imekwisha kufutwa na kurekodiwa sura za wanafunzi mia saba.

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuogopa kuongea na mdogo wake. Siku hiyo alimfuata kazini, akamkuta amepiga magoti nyuma ya jokofu, akamweleza yote bila kujitetea. Mdogo wake alisikiliza, bisibisi mkononi.

"Ulikuwa pale mlangoni," alisema mwishowe. "Hukuona hata kidogo?"

"Aliniambia nitoke, nikatoka."

"Hata kwenye tundu la ufunguo?"

"Hata hapo, mdogo wangu."

Walikwenda wote wawili kwa Mama Tarizi. Bibi yule aliitazama video mara nne, simu ameisogeza karibu na pua. Aliwasomea alichoweza: alama ya jina la mtoto, kidole kwenye kishimo cha shavu, kisha "siku ile", kisha "shangazi". Baada ya hapo mama aliongeza kasi, na mikono ikawa moshi hadi mwisho. Kitinda mimba alimsihi akisie. Alikataa. Alisema maneno ya marehemu hayakisiwi.

Kisha akawaonyesha jambo moja. Mwishoni kabisa nyusi za mama zilipanda, kama zinavyopanda kwa mtu anayeuliza, na mikono ikatua mapajani. Mama alikuwa ameuliza kitu, na alikuwa akingoja jibu. Kwa kuwa alitulia, picha nayo ilitulia: sekunde ishirini na mbili za mama akiwatazama, safi mpaka kope. Swali lenyewe halikusomeka.

Kwa wiki kadhaa Dada Picha alifikiria kumdanganya mdogo wake. Angesema kwamba mama aliwahi kumdokeza. Angetunga maneno ya kikao kile, namna mama alivyokataa, namna alivyolia. Kilio cha mama siku ile alikiona kwa macho yake, na hilo alimwambia mdogo wake kama lilivyokuwa. Mengine hakuyajua, akayaacha.

"Kulia si jibu," mdogo wake alimjibu.

Dada Picha alitengeneza nakala za ile video ndogo, akaziweka nyumba tatu: kwake, kwa mdogo wao wa kike, na kwa mwenye studio. Mzee alipokea yake, akaifungia kwenye droo. Kitinda mimba bado huenda kwa Mama Tarizi, siku hizi na binti yake. Kwa dada yake haendi. Mkewe ndiye hupiga simu kumjulia hali, na akiulizwa bwana yuko wapi, husema yupo, yuko bafuni.