Castory na Shokapu za Nailoni

Castory Mkude anaendesha Landrova iliyomzidi umri, halafu anaiita mtoto. Siku sita kwa wiki anapanda nayo Nyandira, tarafa ya Mgeta, juu kabisa Uluguru, anashuka na matenga ya nyanya mpaka sokoni Morogoro mjini. Barabara ukishaipita Mlali na kuanza kupandisha, siyo barabara tena. Ni mtaro ambao magari yameruhusiwa kupita. Mawe yamekaa katikati kama yana hati ya kiwanja, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuwa kama sabuni ya kuogea.

Nyanya zenyewe ni za kikundi cha wakinamama, na mwenyekiti wao ni Mama Winfrida, mwanamke mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata akimfukuza mbwa. Huyo ndiye aliyemsimamisha Castory mwezi wa pili, mkono mmoja umeshika tenga linalochuruzika.

"Castory mwanangu, hizi nyanya tunakupa mbichi. Kusaga watasaga wenyewe mjini."

"Mama, barabara hiyo. Siyo mimi niliyeichimba."

"Amosi anapita barabara gani? Anapita angani?"

Amosi ni dereva wa pikapu iliyopakwa rangi kwa brashi ya kupakia chokaa, gari ya aibu kabisa, lakini mizigo yake inafika kama ilivyopakiwa.

"Shokapu zako zimekufa, hata mimi nisiyejua gari naona inavyoruka kama mbuzi," Mama Winfrida akasema. "Tafuta nyingine. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Nikikuta tenga limepondeka tena, mzigo anachukua Amosi."

Hilo lilimwingia. Bila nyanya za wakinamama, Castory angekuwa mmoja wa wale madereva wanaoshinda wamejilaza kwenye boneti wakisubiri mtu ahame nyumba. Na kusubiri watu wahame nyumba siyo kazi, ni kuwaombea wenzako wagombane na wenye nyumba wao.

Basi akaenda mjini kununua shokapu. Mtu mwenye akili angeanza kwa fundi wake. Castory alianza kwa Luqmani, muuza spea mwenye miwani ya jua anayoivaa mpaka ndani ya duka. Luqmani ana namna yake ya kumtazama mteja kwa huruma, kama daktari aliyeshaona majibu.

"Kaka, na mbio zako zile, unatumia shokapu za kawaida? Unajidhalilisha," akasema, akatoa boksi taratibu kama anatoa kitoto kichanga. Shokapu nyekundu za gesi, stika ya rangi ya fedha ubavuni, zimefungwa nailoni toka juu mpaka chini. "Hizi ndizo wanazotumia wale wa kukimbiza magari jangwani."

"Mimi napeleka nyanya."

"Sasa jangwani na Mgeta wapi pagumu?"

Castory akafikiria. Akaona ni Mgeta. Akajiona yeye ni zaidi ya wale wa jangwani, ila tu hajapigwa picha. Pembeni kulikuwa na nyingine za mafuta, nyeusi, nene, bei ya chini, zimekaa kimya kama watu wa maana. Hakuzigusa. Nyeusi nani ataziona?

Alipofika gereji Kihonda, fundi Bartholomeo akazipokea, akazigeuzageuza, akazirudisha kwenye boksi. Mzee huyu amelala chini ya magari miaka thelathini na hapendi maneno mengi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hizi ngumu. Zimetengenezwa kwa gari nyepesi inayokimbia. Wewe unatembea taratibu na mzigo laini. Ungechukua zile nyeusi za mafuta."

"Mzee, gari ikifungwa shokapu ngumu ndiyo inabeba."

"Shokapu haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi. Shokapu inaituliza springi isirukeruke. Unazichanganya miaka yote hiyo?"

Castory akamsukumia boksi. "Nimeshanunua. Funga."

Bartholomeo akachukua kisu ili achane nailoni. Castory akamshika mkono.

"Nailoni inabaki."

"Inabaki wapi?"

"Inabaki hapo hapo. Ukitoa, watu watajuaje ni mpya?"

Hapa inabidi mtu amwelewe kidogo. Nyumbani kwa Castory kila kitu kimevaa nailoni. Makochi yana nailoni, ukikaa mchana wa joto unanyanyuka na ngozi imebaki kwenye kochi. Rimoti ina nailoni, friji ina nailoni mlangoni na stika ya bei iko pale pale. Mkewe Joyce alijaribu siku moja kuitoa ya makochi, nyumba ikakosa amani wiki nzima. Na siyo yeye peke yake, mtaa mzima uko hivyo. Watu wananunua kitu kwa jasho halafu wanaishi na karatasi yake.

"Mdogo wangu," Bartholomeo akasema, "shokapu ina mti wake unaoingia na kutoka. Huo mti lazima uwe msafi. Nailoni itashika tope. Tope likikauka ni msasa. Litakula sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, na hata za gesi zina mafuta ndani, yatatoka yote, utabaki na bomba tupu lenye stika."

"Mzee, wivu huo."

Bartholomeo akaweka kisu chini, akafuta mikono, akaenda kwa mama ntilie kunywa chai. Hakurudi. Castory akaingia chini ya gari mwenyewe, akazifunga shokapu zote nne kwa hasira, nailoni yake, stika yake, kila kitu. Mpaka anamaliza alikuwa amejigonga kichwa mara tatu, na kila mara alimtukana Bartholomeo, kana kwamba ni yeye aliyeiteremsha chesisi.

Wiki mbili za kwanza, Castory hakuwa mtu wa kuongea naye. Akifika mahali anasimamisha gari ubavu, gurudumu kalikata kona, ili wekundu uonekane. Madereva wenzake Mlali wanainama, wanachungulia, wanapiga mluzi. "Mkude umejipata." Yeye anajibu, "Vitu vya jangwani hivyo," kama vile jangwa amelikanyaga. Nyanya zilikuwa zinafika salama, lakini kwa sababu barabara ilikuwa kavu na yeye alikuwa anaendesha polepole ili asichafue stika. Sifa zote zikaenda kwa shokapu.

Amosi yeye kila jioni alionekana mtoni na ndoo, anamwagia maji miguu ya pikapu yake, anakagua mipira ya bushi kwa vidole, anakaza nati. Castory akipita anapiga honi.

"Amosi, unaogesha ng'ombe?"

"Naogesha riziki, bro. Yako haiogi?"

"Yangu imevaa koti."

Wiki ya tatu mvua ikashuka. Tope la Mgeta haliombi ruhusa. Likaingia kwenye nailoni kwa juu, likakosa pa kutokea, likatulia humo limejaa kama soseji. Castory akamwaga maji kwa nje, nailoni ikang'aa, akaridhika kabisa. Gari ikaanza kuyumba kwenye kona. Akasema upepo. Ikaanza kucheza juu chini hata kwenye lami. Akasema shokapu zinazoea barabara. Joyce, aliyepanda naye siku moja kwenda kwao, alishuka amejishika kiuno akasema hizo shokapu zinazoea mgongo wake yeye.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu alipakia matenga ishirini na mbili. Mama Winfrida naye akapanda mbele, anakwenda kuonana na mnunuzi wao sokoni, dada mmoja anaitwa Asia. Kuanzia Langali kushuka, Landrova iliacha kutembea ikaanza kuruka. Kila jiwe gari inadunda mara tano, mara sita, haitulii. Mama Winfrida ameshika mlango kwa mikono miwili. Nyuma zinasikika sauti laini, za kama mtu anakanyaga matope bila viatu.

"Mama, leo barabara mbaya," Castory akasema.

"Endesha tu, mwanangu."

Huo upole ulimtisha kuliko matusi. Akapunguza mwendo, akapita pembeni ya mawe, akaanza hadi kuongea na gari. Kazi bure.

Sokoni, Asia akafunua tenga la kwanza, akalifunika. Akafunua la pili. Matenga tisa yalikuwa yanachuruzika mpaka chini ya gari kuna dimbwi jekundu, na nzi wameshapata taarifa.

"Dada Winfrida, hizi nitazifanyia nini? Nifungue kiwanda?"

Mama Winfrida hakugombana. Walipomaliza kushusha alimwambia Castory ampeleke kwa fundi wake. Kule Kihonda, Bartholomeo akaweka mikono miwili kwenye kona ya bampa, akakandamiza, akaachia. Gari ikanyanyuka, ikashuka, ikanyanyuka, ikashuka.

"Mama, gari yenye shokapu nzima inanyanyuka mara moja inatulia," akasema. "Hii inacheza ngoma."

Akaingia chini na kisu. Nailoni ilipochanika, uji wa tope na mafuta ukamwagika chini, kilo nzima, mweusi, unanuka. Mti wa shokapu ulikuwa umechunika kama umetafunwa na panya. Stika ilikuwa nzima kabisa, inang'aa.

Mama Winfrida akachutama, akagusa yale mafuta kwa kidole, akanusa.

"Hii nailoni ilikuwa ya kazi gani?"

Bartholomeo akamtazama Castory. Castory akatazama tangi la maji la jirani.

"Zilikuja nayo," akasema.

"Hata mimi mwanangu wa kwanza alikuja na vitu vyake, mkunga alivitoa," Mama Winfrida akasema, akanyanyuka akijifuta kidole kwenye pindo la kanga. "Nyanya atabeba Amosi kuanzia Jumatatu. Siyo kwamba nakuchukia. Wenzangu tisa wamepoteza tenga leo, nikirudi nitawaambia nini, kwamba shokapu ilikuwa haijafunuliwa?"

"Mama, nitanunua zile nyeusi. Kesho asubuhi."

"Nunua. Zifunge uchi. Wakati huo utakuwa unabeba kabichi za Kasiani, mkulima mwenzetu. Kabichi hata ukiidondosha inaendelea kuwa kabichi."

Castory alitamani kupasuka. Kabichi! Alikuwa na maneno mdomoni, mazito, ya kumtosha Mama Winfrida, Amosi, Luqmani na miwani yake. Akayameza yote, kwa sababu kabichi ilikuwa imebaki peke yake kati yake na kulala kwenye boneti.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri alikuwa Nyandira anapakia kabichi, shokapu nyeusi zimefungwa, chafu tayari. Wakinamama sita wa kikundi cha nyanya walisimama kando ya gari. Mmoja wao, Martina, akaweka mtoto chini, akashika kona ya bampa, akakandamiza kwa uzito wake wote, akaachia. Ikanyanyuka mara moja ikatulia.

"Imepita," akawaambia wenzake. "Ila tutaipima kila wiki mpaka mavuno yaishe, ndipo tuongee habari ya nyanya. Castory, hebu sogea utupishe, na upande wa pili tuuone."

Castory akasogea.