Kisanduku Kisicho na Kitufe

Neno lisilo lako, hata likipita sikioni mwako, si lako. Hiyo ndiyo sheria aliyofundishwa Philemon Simiyu alipokabidhiwa mtambo wa redio ya polisi mjini Nyeri, muda mfupi baada ya uhuru, naye aliishika kuliko wengi wanavyozishika Amri Kumi. Alisikia habari za wizi wa ng'ombe huko Laikipia kabla mwenye ng'ombe hajaamka. Alijua nani amekamatwa na nani amekufa. Jioni alirudi kwenye nyumba za polisi, akanawa mikono, akala ugali wake, asitoe neno. Majirani walimwita Kabati.

"Huyo hata umtikise," walisema, "utasikia vikombe tu vikigongana."

Nyumbani, msemaji alikuwa mkewe, Tryphosa. Yeye alikuwa Mjaluo, mumewe Mbukusu, hivyo walioana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili na kumlea mwana wao Simeon kwa Kiswahili hicho hicho cha kambini. Philemon alisikiliza. Kila mtu aliwaona hivyo: mama anasema, baba anaitikia kwa kichwa.

Tryphosa alifariki mwaka mmoja kabla Philemon hajastaafu. Simeon, aliyekuwa fundi wa magari katika kambi ya askari wa kigeni kule Nanyuki, alimchukua babake akae naye. Mzee alikubali kwa sharti moja: hatalala chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Kwao, baba mkwe na mke wa mwana huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, wala mwanamke haoni kitanda cha baba mkwe wake. Simeon akamjengea chumba cha mbao upande wa pili wa ua, karibu na tangi la maji, na kuvuta waya wa stima hadi humo.

Mke wa Simeon aliitwa Watiri, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kianyaga. Mwanzoni desturi hiyo ilimchekesha. "Kwetu baba mkwe anakula na sisi meza moja na anaomba aongezewe supu," alimwambia mumewe. Lakini alikuwa mwanamke mwenye adabu, akajifunza. Alibisha hodi akiwa mbali, akaweka sahani juu ya kigoda nje ya mlango, akasema, "Baba, chakula," akaenda zake. Philemon alingoja hatua zake ziishe ndipo akafungua. Binti wa kwanza alipozaliwa wakampa Apondi, jina la Kijaluo la marehemu nyanyake Tryphosa, na tangu hapo mzee akawa na namna ya kumwita mkwewe: Mama Apondi. Waliishi hivyo miaka kadhaa, na ninathubutu kusema walipendana, ingawa hawakuwahi kukaa kwenye benchi moja.

Hakuna aliyejua kwamba Kabati alikuwa amefunguka. Kila alfajiri, kabla ya chai, Philemon alikaa ukingoni mwa kitanda, akajifunga blanketi mabegani, akazungumza na Tryphosa. Alisema kwa sauti, kama mtu anayeongea na mke aliyeko upande wa pili wa chumba akitafuta kiberiti. Alimweleza yote ambayo miaka ile ya kazi hakuweza kumweleza. Alimsimulia mahubiri, mafua, bei ya sukari. Alimtania. Mara nyingine alilia. Mtu aliyenyamaza maisha yake yote alikuwa amepata nusu saa kwa siku ya kusema, na nusu saa hiyo ndiyo iliyomwamsha.

Halafu kifua kikaharibika. Asubuhi moja Simeon alimkuta sakafuni karibu na mlango, midomo imegeuka rangi. Daktari alisema ni moyo na mapafu, akaonya kwamba mzee asiachwe mbali na watu. Simeon alimsihi ahamie nyumba kubwa.

"Nilale ukuta mmoja na mkeo?" Philemon aliuliza. "Afadhali unirudishe sakafuni."

Wiki hiyo familia moja ya kigeni ilikuwa ikirudi kwao na kuuza vitu vyake. Simeon alileta kutoka huko visanduku viwili vyeupe, vya kusikilizia mtoto mchanga akilala chumba kingine. Kimoja alikichomeka kwenye soketi ya chumba cha babake.

Mzee alivaa miwani, akakigeuza upande huu na huu. Hii ilikuwa kazi yake. "Kitufe cha kusemea kiko wapi?"

"Hakina, Baba."

"Redio haisemi bila kubonyezwa. Nimebonyeza miaka ishirini."

"Hii ni ya kisasa. Ukianguka, mimi nitajua tu."

"Wewe?"

"Mimi, Baba. Nani mwingine?"

Philemon akaridhika. Aliamini kwamba chombo kisicho na kitufe hakiwezi kubeba maneno. Kilikuwa kinangoja kishindo, kama mtego unavyomngoja panya. Simeon aliliona kosa hilo usoni mwa babake na hakulisahihisha. Alijiambia kwamba mzee angekataa. Huo ndio uongo wa watu wema: hawasemi la uongo, wananyamaza tu mahali pa kweli.

Wala ahadi yake haikudumu. Mwezi uliofuata askari walikwenda mazoezini upande wa Doldol, na fundi akafuata magari yao. Kisanduku cha pili kilibaki kwenye meza ya kitanda, upande wa Watiri.

Alfajiri ya kwanza Watiri alisikia kikohozi, kisha sauti. Alidhani mzee ana mgeni. Aliposikia jina la Tryphosa alielewa, na hapo angeweza kukizima. Hakukizima. Alijiambia kwamba anasikiliza pumzi.

"Tryphosa, huyu msichana ni mzuri," sauti ilikuwa ikisema, "lakini ananilisha mahindi na viazi, viazi na mahindi, ati mukimo. Nitaota mizizi. Wewe na mrenda wako, ule wa kuteleza mpaka kwenye kiwiko! Ningeupata mara moja tu kabla sijafa."

Watiri alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Jumamosi alizunguka soko lote la Nanyuki, akampata mama mmoja aliyeletewa mboga hiyo ya mrenda na basi la kutoka magharibi, akamwomba amfundishe kuupika. Philemon alipofunua sahani alishangaa sana. Alikula akalamba vidole. Alfajiri iliyofuata alimwambia mkewe kwamba bila shaka yeye ndiye aliyemnong'oneza Mama Apondi ndotoni. Watiri, kitandani kwake, alifurahi kama aliyepewa zawadi. Tangu hapo hakuona tena kwamba anaiba.

Ndipo alipolisikia lile jingine. Sauti ilikuwa chini, na ilikatikakatika.

"Tryphosa, nimelowesha kitanda tena. Mimi, sajini mzima. Ninafua shuka kabla hawajaamka na kuianika nyuma ya tangi. Usimwambie mtu, mama. Heri nife kuliko mkwe wangu ajue."

Mtu anayeshika sheria ya Philemon angelisikia neno hilo na kulizika. Watiri aliona huruma, na huruma yake ilikuwa na haraka. Jumapili, mzee alipokwenda kanisani, aliingia chumbani mwake kwa mara ya kwanza. Akatandika plastiki nene juu ya godoro, akaweka shuka mbili mpya, akakunja pembe vizuri kama wanavyofanya hospitalini, akatoka.

Philemon alirudi, akakaa kitandani, akasikia plastiki ikilia chini yake. Aliinua shuka. Alitazama plastiki kwa muda, kisha akakitazama kile kisanduku cheupe ukutani, na taa yake ndogo nyekundu. Mtu wa redio alielewa yote mara moja.

Alitoka, akasimama katikati ya ua. "Mama Apondi."

Watiri alikuja akitabasamu, akipangusa mikono.

"Mrenda ule. Nani alikuambia?"

Tabasamu likamtoka. "Baba, nilikuwa nataka tu kukusaidia..."

"Unasikia yote?"

Aliinamisha kichwa, na jibu likawa hilo. Mzee alivua kofia yake ya kanisani, akaishika kifuani kama mtu aliye mbele ya kaburi, akarudi ndani.

Simeon aliporudi kutoka Doldol, babake alimwomba jambo moja tu: akitoe.

"Baba, ni Watiri. Si mgeni."

"Mgeni angekuwa afadhali. Mgeni angeenda kwao."

"Na ukianguka tena? Watu watasema nilikuacha ufe kama mbwa. Kikae, Baba. Wewe ongea tu, hatutasikiliza."

Philemon hakubishana. Alijua mwanawe anampenda, na hilo ndilo lililomfunga mdomo. Nyumba ilikuwa ya Simeon, stima ilikuwa ya Simeon. Kisanduku kikabaki.

Kuanzia siku hiyo chumba kilinyamaza. Watiri alisikia mlango ukilia kidogo alfajiri, kisha hakuna kitu. Alidhani mzee anakwenda chooni na kurudi. Mwezi wa saba, ukungu wa mlima ukiwa umelala juu ya mji na nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, alimwambia mumewe kwa furaha, "Siku hizi Baba anapumzika. Hakohoi, haongei. Ni kimya tu." Hata alimshukuru Mungu kwa ajili ya kimya hicho.

Alikuwa anasikiliza chumba kitupu. Philemon alikuwa nyuma ya tangi la maji, ameketi juu ya kreti la soda, blanketi begani, akimwambia Tryphosa habari zake kwa sauti ndogo mahali pasipo na waya.

Watiri ndiye aliyemkuta, alipokwenda kuchota maji ya chai. Alikuwa hai, lakini mikono yake ilikuwa baridi kama bomba. Walimpeleka hospitali, Nyeri, katika wodi yenye vitanda vimebanana. Siku ya tatu midomo yake ilianza kucheza bila sauti. Macho yalizunguka wodi nzima, yakamtazama muuguzi, yakamtazama mgonjwa wa kitanda cha pili, yakaishia kwa Watiri.

Watiri akaelewa, wakati ambapo kuelewa hakukufaa tena. Alivuta pazia likazunguka kitanda. "Baba, sema na Mama," alimwambia. "Mimi ninatoka. Ninaenda mbali, mpaka nje kwenye geti. Sitasikia."

Akaenda kweli mpaka kwenye geti, akasimama huko akiwa ameziba masikio kwa viganja, watu wakimtazama. Aliporudi Philemon alikuwa amekwisha kufa. Kama alisema, hakuna ajuaye.

Daktari aliandika nimonia. Alisema mtu mwenye kifua kile hakupaswa kukaa nje alfajiri hata mara moja. Philemon alikuwa na chumba chenye mlango, blanketi na joto la kutosha, na angeendelea kukaa humo kama wangemwachia kiwe chake. Walitaka wasikie pumzi yake, wakaipoteza.