Siku Niliyomkalia Marehemu wa Kidato cha Tano

Niseme mapema nisije nikaanza kuzunguka: mimi ndiye mtu mzima niliyemkalia marehemu kifuani, mbele ya wazazi wote na mgeni kutoka chuo kikuu, mpaka marehemu mwenyewe akasema, "Mjomba, mbavu." Aibu yenyewe ndiyo hiyo, sasa ngoja niwaeleze nilivyofika pale, maana wanaoisimulia hapa sokoni mjini Masoko wananiongezea mambo (eti nilivua viatu, uongo, vilitoka vyenyewe).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kimefunguliwa, mimi nauza mitumba, mwingine kaleta televisheni anaonyesha watu mikanda, na shule za watu binafsi nazo zinaanzishwa kila upande. Ikaanzishwa moja huku kwetu, ya kuwaandaa vijana kwenda chuo kikuu, na mpwa wangu Somoe, mtoto wa dada yangu kule Kiranjeranje, akafaulu usaili akaingia. Tukafurahi sana, mpaka tulipoiona ratiba. Hesabu ipo, Kiingereza kipo, baiolojia ipo, sawa, lakini chini yake kuna muziki, uchoraji, falsafa, mdahalo na maigizo, na siyo kwa anayependa, ni kwa wote, hata anayetaka udaktari lazima achore chungu na aguse kinanda.

Shemeji Saidi, baba yake Somoe, aliisoma ile ratiba mara mbili. "Mimi nimepalilia ufuta mtoto akasome," akasema, "siyo akaigize. Kuigiza hata wewe shemeji unaweza, na kidato cha pili hukumaliza."

(Kweli sikumaliza. Niliondoka mwenyewe kabla sijakosana na mwalimu wa jiografia, ambaye tulikuwa tumeshakosana naye.)

Basi akakata shauri: siku ya wazazi tutakwenda wawili tukaone, na akiona masomo yenyewe ni mchezo tu, anamtoa Somoe siku ileile, akajifunze kupiga chapa Lindi. Tulipofika Somoe akanivuta pembeni.

"Mjomba, igizo nimelitunga mimi na nalisimamia mimi, baba ataamua kwa hilo hilo. Nakuomba kitu kimoja. Ukae."

"Hilo tu? Nitakaa mpaka mnisahau."

"Na usiseme kitu."

"Hivyo sasa ni vitu viwili," nikamwambia, lakini nikakubali.

Ukumbi umejaa, sisi tumepewa viti vya mbele, karibu na mgeni kutoka chuo kikuu aliyekuja kutoa alama. Mwalimu Mkuu akasimama akaeleza kwamba mtoto aliyesoma mambo ya upande mmoja tu, akifika chuo kikuu anapotea, ndiyo maana wao wanamfungua akili pande zote. Akaletwa kijana wa falsafa, akauliza kama meza ipo pale wakati hakuna anayeiangalia. Shemeji akaninong'oneza, "Akawaulize waliowahi kuibiwa." Nikaona mambo yanaharibika.

Kisha likaja igizo la Somoe, na hapo, jamani, shemeji akatulia. Mzee mmoja kafariki, anaitwa Komba, Mngoni aliyehamia huku siku nyingi, watoto wake wanagombania shamba la mikorosho na maiti bado iko ndani. Kina mama wakaanza kufuta macho. Marehemu ni kijana wa kidato cha tano, kafunikwa shuka jeupe juu ya kitanda cha bweni, vijana wanne wakamnyanyua, wakaanza kuondoka naye taratibu, kimya.

Kimya hicho ndicho kilichoniponza. Sisi ni Wamwera, Wangoni ni watani wetu, na mtani msibani ana kazi yake: anazuia jeneza, anamsema marehemu kwa ubahili wake, anadai kuku, waliofiwa wanacheka kidogo, wanampa chochote, anapisha, watu wanazika. Mimi kazi hiyo nimeifanya misiba mingi, naitwa mpaka Kivinje. Sasa naona Mngoni anapita mbele yangu hivi hivi, hana wa kumzuia, na mama mmoja nyuma yangu anasema, "Huyu hana watani?"

Nikajiambia, sentensi moja tu, tena nikiwa nimekaa.

"Komba," nikasema, "unaondoka na jembe langu?"

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi mtu akinicheka siwezi tena kujizuia, huo ndio ugonjwa wangu. Kuja kushtuka niko jukwaani, nimetanua mikono, nadai kuku, wale vijana wanne wametoa macho (wawili wametoka Moshi, utani wa huku hawaujui), wakakitua kitanda chini wakatazama pazia. Nikatangaza kwamba bila kuku hazikwi mtu. Nikakaa kitandani. Nilikusudia kukaa miguuni kwa marehemu, lakini kitanda kile kilishachoka siku nyingi, kikakatika katikati, viatu vikaruka, kimoja kikatua karibu na soda ya mgeni wa chuo kikuu, na mimi nikaserereka mpaka kifuani kwa marehemu, ndipo aliposema yale ya mbavu.

Nikataka kuinuka nimpishe. Nikasikia suruali nyuma inasema kraaa (mtumba wangu mwenyewe, niliuchagua mimi). Nikarudi kukaa. Marehemu akalia. Watu wanadhani nang'ang'ania kuku, kumbe naficha mambo yangu, na nikimwangalia shemeji namwona ameshachukua kofia yake anainuka.

Pazia likafunguka, akatoka Somoe, kajitanda kanga kama binti wa marehemu. Hakunitazama kwa hasira. Akasema kwa sauti ya msiba kabisa, "Mtani wetu, baba alituachia wosia. Alisema atakuja mtu mmoja hapa na dai lake, msibishane naye, mpeni nguo ajisitiri, kuku atafuata." Akaivua ile kanga, akanizungushia kiunoni, akanishika mkono kama mgonjwa, akanitoa. Nyuma yangu nikasikia makofi, na wale vijana wakambeba marehemu kwa mikono, wakamaliza mazishi.

Baadaye mgeni akamuuliza mbele ya watu, "Huyu mtani ulimwandika wewe?"

"Hapana, huyo ni mjomba wangu," Somoe akajibu. "Kama kuna alama za kupunguza, nipunguziwe mimi, wenzangu hawakukosea."

Tangu siku ile sikai viti vya mbele penye jukwaa, nakaa mlangoni, na mikono naikalia.

Shemeji aliondoka kesho yake kurudi Kiranjeranje peke yake, Somoe akabaki na masomo yake yote, mpaka kinanda. Aliyemaliza shauri ni rafiki yangu Bakari, anayeuza viatu meza ya pili kutoka kwangu. Asubuhi hiyo shemeji alipita kuniaga, uso umekunjamana, kumtoa mtoto au kumwacha bado hajaamua, akamuuliza, "Hivi Bakari, hayo maigizo yanamsaidia nini mtoto?"

Bakari, ambaye habari zote zilishamfikia, akaacha kupiga kiwi, akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Saidi, huyu mimi namjua mwaka wa kumi huu. Akishaanza, hajawahi kutolewa mahali bila mgambo. Binti yako kamtoa kwa kanga moja na maneno mawili, na huyu mwenyewe akashukuru. Mwache mtoto amalize shule."