Madigadi ya Anayekuja Nyuma

Wiki hii nilikuwa kwa fundi wa baiskeli hapa Molo, nikingoja pancha yangu izibwe, mzee mmoja akaingia akisukuma baiskeli ya matairi mapana kama ya pikipiki. Alitaka madigadi za kukinga tope. Madukani hakuna za upana huo, kwa hivyo fundi akazikata kutoka kwa pipa la plastiki, akaacha nafasi ya vidole viwili juu ya tairi ili tope lisikwame.

"Ya nyuma nimeikata fupi, mzee. Mgongo wako hautachafuka."

"Irefushe ifike chini. Fupi inamrushia tope anayekufuata."

"Na nani anakufuata?"

Mzee akapangusa kiti kwa mkono wa sweta. "Mama watoto alikuwa akinifuata na baiskeli yake tukienda kanisani. Wewe irefushe tu."

Fundi aliongeza kipande, akakaza skrubu.

Mimi pia naishi peke yangu. Madigadi yangu ni fupi, na sijawahi kujiuliza inamrushia nani tope.

Kwangu ni upande ule mwingine, lakini pancha ilipozibwa nilimfuata kwa baiskeli kwenye tope hadi njia panda. Aligeuka mara moja, akatazama suruali yangu. Ilikuwa safi.